Maji ya Mwanamke si Aibu, na Ukavu si Usafi



Wazee walisema, mficha uchi hazai. Nimeikumbuka methali hii kwa sababu jambo ninaloliandika leo huzungumzwa kwa kunong'ona tu: maji yanayotoka ukeni mwa mwanamke wakati wa tendo la ndoa. Kunyamaza kunatuumiza. Kuna mama anayejikausha kwa majani kila jioni ili mume asimwite mchafu. Kuna mwingine anayeumia kila usiku kwa sababu ya ukavu, naye hajamwambia mtu. Wote wawili wanaishi kati yetu, hapa Kampala na huko kwenye makazi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja. Kwa hiyo naomba tuseme wazi, lakini kwa heshima.

Tunatoka makabila mengi, na kila kabila lilifundishwa lake. Kwa Wanyarwanda, na kwa watu wengi wa magharibi ya Uganda, maji mengi ni sifa. Wanyarwanda wana ufundi wa mume kumwandaa mkewe mpaka maji yatoke, wanauita kunyaza. Hapa Uganda unajulikana kwa jina la kachabali. Mwaka 2016 Mbelgiji Olivier Jourdain alitoa filamu nzima juu ya maji hayo huko Rwanda. Lakini kwingine maji hayo hayo ni aibu. Mwaka 1993 Judith Brown na wenzake walichapisha utafiti kutoka Zaire, yaani Kongo ya leo, wakieleza jinsi wanawake walivyotumia majani na vitu vingine ili uke uwe mkavu na wa kubana. Basi mwanamke mmoja, akiolewa huku atasifiwa, akiolewa kule atatukanwa. Je, mwili wake umebadilika? La. Yaliyobadilika ni maneno ya watu.

Tujiulize maji hayo yanatoka wapi. Mwanamke anapopata hamu, damu huongezeka katika kuta za uke, na majimaji hupenya kutoka kwenye damu hiyo na kutokeza ukutani kama jasho. Tezi ndogo mlangoni mwa uke huongeza ute kidogo. William Masters na Virginia Johnson wa Marekani walieleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1966. Kazi ya maji hayo ni kulainisha njia ili mke na mume wasichubuke. Hayaonyeshi kwamba mwanamke ni malaya, wala kwamba ametoka kwa mwanamume mwingine. Na yale mengi ambayo baadhi ya wanawake humwaga wakiwa kileleni hupitia tundu la mkojo, si ugonjwa. Wengine hawayamwagi maisha yao yote, nao ni wazima vilevile. Mume asimlazimishe mkewe kutoa mengi, wala asimcheke akitoa.

Hata bila hamu, uke wenye afya una unyevu. Katikati ya mwezi ute huwa mwepesi na wa kuvutika kama ute wa yai bichi. Siku nyingine huwa mzito na mweupe. Ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri wanaotengeneza asidi inayozuia magonjwa. Uke hujisafisha wenyewe. Unachohitaji ni kuosha sehemu za nje kwa maji safi, basi.

Ukiingiza ndani sabuni, shabu, ugoro, chumvi, limau au unga wa majani, unawaua walinzi hao na kuuchubua ukuta. Tendo likifanyika pakavu, ngozi hupasuka kidogo kidogo hata kama huoni damu. Vidonda hivyo ni mlango wa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa, kwa mke na kwa mume. Kondomu nayo hupasuka kwa urahisi zaidi. Baba unayemsifu mkeo kwa ukavu, fahamu kwamba unasifu jeraha, na hatari hiyo ni yako pia.

Sasa nigeukie mama ambaye ni mkavu bila kupenda. Mama, hujalogwa, na haina maana kwamba humpendi mumeo. Mara nyingi sababu ni haraka: mume anaanza kabla mwili wa mke haujawa tayari. Sababu nyingine ni mawazo, na maisha ya ukimbizi yana mawazo mengi. Anayenyonyesha huweza kuwa mkavu kwa miezi mingi, kwa kuwa homoni ya estrojeni hupungua. Aliyekoma hedhi hupata hali hiyo pia. Baadhi ya dawa za mafua na mzio hukausha, na wapo wanawake wanaoona mabadiliko wakitumia sindano ya uzazi wa mpango. Usiache dawa wala sindano kimyakimya, mweleze mhudumu.

Dawa ya kwanza ni muda na maneno mazuri. Ya pili ni jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Usitumie vaselini, mafuta ya kupikia wala losheni pamoja na kondomu za kawaida za mpira, kwa sababu mafuta huudhoofisha mpira ukapasuka.

Nenda kituo cha afya mapema ukiona ute wa kijani au wa njano, harufu kama ya samaki, mwasho wenye ute kama maziwa yaliyoganda, maumivu ya tumbo la chini, au damu isiyo ya hedhi. Damu baada ya kukoma hedhi isingojewe hata wiki. Na kama tangu ujifungue kwa shida, au tangu uumizwe na wanaume, mkojo au choo kinavuja bila kukoma, hayo si maji tunayoyazungumzia hapa. Hiyo ni fistula, na hospitali ya Mulago hapa Kampala ni moja ya zile zinazoifanyia upasuaji.

Kuna neno moja nisilotaka kulipita. Wengi wetu tulikimbia vita ambamo wanawake walibakwa. Baadhi yao wanabeba swali wasiloweza kumuuliza mtu: "Mbona mwili wangu ulitoa maji? Je, nilitaka?" Dada yangu, hukutaka. Mwili unaweza kutoa maji bila moyo kupenda, kama jicho linavyotoa machozi mbele ya moshi. Maji hayo si ridhaa, na yeyote anayekuambia hivyo, awe mume, askari au jirani, anasema uongo. Ridhaa hutoka kinywani na moyoni. Ikitokea umelazimishwa, matibabu yatangulie: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya siku 5, na kila saa unayowahi inasaidia. Na hata kama ilitokea miaka mingi iliyopita, bado una haki ya kusikilizwa.

Kwa maoni yangu, tatizo letu kubwa ni kwamba tumekosa wa kutufundisha. Baganda wana ssenga, yaani shangazi, anayemfundisha binti mambo ya ndoa. Profesa Sylvia Tamale wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika mwaka 2005 jinsi kazi hiyo ilivyohamia mjini, mpaka kwenye magazeti na redio, na wako ssenga wanaofundisha kwa malipo. Sisi, shangazi zetu wengine walizikwa njiani, wengine walibaki upande wa pili wa mpaka. Binti zetu sasa wanafundishwa na muuza unga wa majani sokoni.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kikundi cha akina mama kwenye makazi kipate siku ya kuzungumza jambo hili na mkunga, na akina baba wapate siku yao, kwa sababu wao ndio wanaodai ukavu. Pili, vituo vinapogawa kondomu vigawe na jeli ya maji. Kutoa moja bila nyingine ni kufanya kazi nusu. Tatu, wazee wa makanisa na misikiti wanaofundisha wachumba wasiishie kwenye mahari na utii. Wawaambie pia kwamba maumivu si sehemu ya ndoa.

Ukimaliza kusoma, usiifiche taarifa hii chini ya godoro. Mpe mwenzi wako aisome, kisha muulize swali moja tu: "Je, huwa unaumia?" Umngoje ajibu.