Rangi ya Mtoto Si Ushahidi wa Zinaa

Kila ifikapo Juni 13, siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu ualbino, husemwa mengi juu ya mauaji, na ni haki yasemwe. Juni 2024 mtoto wa miaka miwili alikutwa ameuawa Muleba, Kagera, na baba yake mzazi akawa miongoni mwa walioshitakiwa. Lakini ipo dhulma isiyofika mahakamani: mume anaiona rangi ya kichanga, anamwambia mkewe arudi kwao. Eti amezaa na Mzungu, au ukoo wake una laana.

Kwa mke wa Machame au Kibosho, kurudi kwao si jambo dogo. Kihamba ni cha ukoo wa mume, na kwa mila ya Wachagga ardhi hushika watoto wa kiume. Basi mama huyu hutafuta vibarua au hukaa kuuza ndizi Moshi mjini, mtoto yuko naye juani mchana kutwa. Na jua hilo ndilo huiletea saratani ngozi isiyo na rangi ya kuilinda.

Tabibu atakwambia ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ingawa wao ni weusi. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe anakimbia sehemu ya damu yake mwenyewe.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba bedui alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza rangi za ngamia wake; wekundu, na wamo wa kijivujivu. Hao wametoka wapi? Bedui akajibu huenda ni asili iliyowavuta. Akaambiwa na mwanawe huenda ni hivyo hivyo. (Bedui yule alilalamikia weusi, sisi tunalalamikia weupe!)

Wanazuoni wengi wamechukua hapo kwamba tofauti ya rangi pekee haimpi mume ruhusa ya kumkana mtoto. Anayemtuhumu mkewe zinaa bila mashahidi wanne, njia yake ni li'aan: aape mara nne kwa Jina la Allaah, na ya tano ajitakie laana akiwa muongo. Nani ataapa hivyo kwa sababu ya rangi tu?

Mtoto ni wake, na hata akimtaliki mama, nafaqah haimtoki. Hospitali ya KCMC, hapo hapo Moshi, hutengeneza mafuta ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nauli ya kuyafuata, kofia pana na nguo za mikono mirefu tunavihesabu ndani ya nafaqah hiyo.

Wallaahu a'lam.