Kifo cha Mkulima

Wageni huenda Kaole kutazama makaburi ya kale yenye nguzo za mawe. Mkulima wa hapo huzikwa pasi na nguzo. Umri wake humalizikia kwenye muhogo, mpunga na minazi, jembe mkononi, miguu mitupu. Akigongwa na moma au koboko, husemwa kuwa siku yake imefika.

Kauli hiyo huwafariji wafiwa, nayo haina ubaya. Ubaya ni pale wenye dhamana ya afya wanapoikubali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele; hukadiriwa kuua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Dawa yake, itengenezwayo kwa damu ya farasi, ni ghali na haba barani Afrika. Lakini Kaole na Bagamoyo mjini ni takriban kilomita 5 tu, na saa za mwanzo hupotea katika kufunga kamba na kuchanja chale. Kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, safari ianze papo hapo. Na huko aendako, dawa iwe imemtangulia.