Vijia Tunavyo Tayari, Tuvitunze

Ndugu wananchi wa Arua na Koboko, leo naomba tuzungumze habari ya vijia. Ile barabara ya lami ya kutoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92, ina wenyewe wanaoitunza. Mimi nasema vijia vya nyuma ya nyumba zetu, vya kwendea kisimani, shambani, kanisani na msikitini. Nani alivichora? Ni miguu ya babu na bibi zetu, kisha magurudumu ya baiskeli zilizobeba muhogo na tumbaku kwenye keria.

Je, mnajua kwamba kuna watu wanaosafiri mbali na kulipa fedha ili wapande baiskeli kwenye vijia kama hivyo? Mchezo huo ulishika moto miaka ya 1970 huko California, Marekani, vijana wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu. Mwaka 1996 ukaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Hapa Uganda wageni huendesha baiskeli Sipi, na kule Ziwa Mburo hupita karibu na pundamilia. Sisi wa West Nile tumekosa nini? Mlima tunao, na njia tunazo.

Hebu tuanzie Vurra. Mpaka wetu na Kongo umefuata mgongo wa nchi unaogawa maji: mvua ya upande huu hushuka hadi Nile, ya upande ule huishia Mto Kongo. Juu ya mgongo huo vijia hupanda na kushuka polepole, na jicho linafika mbali pande zote mbili. Hapo ndipo pa anayeanza, au mzazi na mwanawe. Ila beba kitambulisho, na usivuke mpaka kwa kufuata kijia tu.

Aliyezoea kidogo aelekee Maracha, kwenye mabonde na vijito, ajifunze kubadili gia kabla ya mlima na kufunga breki kabla ya kona. Kwa mbabe kuna Mlima Wati, kule Terego, wenye mawe makubwa. Huo usiupande peke yako, na usiupande mawe yakiwa yamelowa.

Wati, ambao wengi tunauita Eti, na Liru wa upande wa Koboko, si milima ya kuchezea tu. Wazee wetu husimulia kwamba Dribidu alifia Eti na Jaki akafia Liru, na koo nyingi za Walugbara huhesabu nasaba kutoka kwao. Basi kabla hatujaalika mgeni, tuwaulize wazee. Wapi papitwe, wapi pasipitwe? Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya ukoo, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inautambua umiliki huo wa kimila. Kijana anayetaka kufungua njia aanze kwa mzee wa ukoo, kisha aende kwa mwenyekiti wa kijiji (LC I).

Wewe mwenye shamba kando ya kijia, unaweza kufanya nini? Unapolima, bakiza hatua mbili bila kuzigusa. Muhogo ukipandwa hadi ukingoni, matawi yake humpiga usoni mwanafunzi anayekwenda shule, na mama aliyejitwika maji hukosa pa kupisha.

Jambo la pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo yanayotuharibia zaidi. Mvua zikianza Aprili, maji hushuka katikati ya kijia, yakakata mfereji unaozidi kina kila wiki, hadi gurudumu linazama. Dawa yake ni jembe. Mwezi Machi, pale kijia kinapoteremka, chimba mfereji mfupi wa mshazari unaokatiza njia, upana wa jembe lako. Udongo uutupe upande wa chini, uushindilie, uweke mawe juu. Maji yatatoka pembeni kwenye majani. Kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili, wala haihitaji kusubiri bajeti ya wilaya.

Alama je? Wenzetu Marekani hutumia rangi: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliozoea, nyeusi kwa mabingwa. Kopo moja la rangi na mawe ya kando ya njia vinatosha. Vibao vya mbao sivishauri; tunajuana, kibao kizuri kitaishia jikoni kabla ya Krismasi.

Mafundi wetu wa chini ya mwembe, ninyi ndio tegemeo. Kijana akileta baiskeli ya chuma yenye breki za fito, mwambie kwa upole kwamba hiyo ni ya tambarare, mteremko wa Wati haiuwezi. Kaza spoki, angalia raba za breki, mpe na kipande cha tyubu cha kuzibia pancha. Wenye nyumba za wageni, mnayo ndoo na maji ya kuoshea baiskeli iliyojaa matope mekundu?

Na ninyi mnaoendesha, pigeni kengele mapema. Mkikutana na mama mwenye mzigo kichwani, shukeni, mpisheni, msalimieni. Watoto watakimbia nyuma wakiita "mundu, mundu!", yaani mzungu, hata kama mwendeshaji ni kijana wa Ombaci. Waitikieni tu.

Wazazi, binti akiomba baiskeli siku ambayo kaka yake haitumii, mpeni naye ajifunze pale uwanjani.

Tukubaliane hivi: kabla ya mvua za Aprili, kila kijiji kichague kijia kimoja tu. Ongeeni na wazee, chimbeni mifereji, pakeni mawe rangi, kisha kiendesheni ninyi wenyewe kwanza, muone rangi mliyokipa kama inakifaa.