Laptopu Yenye Kioo Kibovu Iende Sebuleni

Peleka laptopu ya zamani kwa fundi, mwambie imekuwa nzito, na jibu unalijua kabla hajafungua mdomo: "Hii tuipige window upya." Unalipa, unarudi nayo geto, wiki mbili inakimbia kama mpya, halafu inarudi kule kule. Safari ya pili unaambiwa ununue nyingine. Mimi nabishana na hiyo safari ya pili.

Mara nyingi kinachozichosha mashine hizi si uzee wa chuma, ni mzigo tunaozibebesha. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwa uchache, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo laptopu nyingi tulizorithi kwa kaka na dada zetu hazina. Windows 10 nayo Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa laptopu ya RAM GB 2 yenye kioo kilichopasuka ifanye nini? Mimi nasema ipewe kazi moja tu: ikae nyuma ya TV ya sebuleni, iwe kompyuta ya video, muziki na picha kwa nyumba nzima.

Wengi tunaokaa nje ya chuo tunaijua hali. Nyumba ya vyumba vitatu, sebule moja, TV ya inchi 32 iliyonunuliwa kwa kuchangishana, na king'amuzi ambacho malipo yake huisha kabla ya mwezi kuisha. Kila mtu yuko chumbani na simu yake, na nusu ya muda wote tunaangalia kitu kile kile. Chukua video ya somo yenye MB 700. Watu wanne wakiishusha kila mmoja kwa bando lake, imekwenda GB 2.8. Ikishushwa mara moja na kuwekwa sebuleni ni MB 700, na inabaki pale mpaka UE zipite. Bumu likichelewa, tofauti hiyo unaiona kwenye sahani.

Halafu kuna yule mwenzetu asiye na laptopu kabisa. Kila nyumba ya wanafunzi yupo. Simu yake imejaa, kila akitaka kupokea video lazima afute nyingine, na akitaka kusoma anasubiri mtu amalize "assignment" ndipo aazime. Hasemi kitu, lakini anachoka kuomba. Kompyuta ya sebuleni haina wa kuombwa ruhusa. Hata bando likishuka bei kesho, hoja hii kwangu inabaki palepale.

Mfumo endeshi ninaoupigia debe unaitwa LibreELEC. Ni Linux iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kazi moja, kuwasha programu ya Kodi. (Ndiyo, Kodi. Jina hilo lilipochaguliwa mwaka 2014 nadhani hakuna Mswahili aliyeulizwa, ila tofauti na ile ya mwenye nyumba, hii haidaiwi kila mwezi.) Kabla ya hapo programu hiyo iliitwa XBMC, na ilianzia kwenye mashine za michezo za Xbox. LibreELEC yenyewe ilijitenga na mradi wa OpenELEC mwaka 2016. Vyote ni bure na ni halali, maneno mawili ambayo kwenye window ya fundi huwa hayakai pamoja.

Wepesi wake ni wa kweli. Faili la kusakinisha halifiki hata GB 1. Ukiwasha huoni madirisha wala aikoni za kubofya, inakuja menyu kubwa ya kusomeka ukiwa umekaa kwenye kochi. Sehemu yenye mfumo wenyewe imefungwa isiandikwe ovyo, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla haivurugiki kirahisi. Na wale virusi wa flashi za stationery, wanaogeuza mafolda yako yote kuwa "shortcut", hawana pa kushika, kwa sababu wameandikwa kwa ajili ya Windows.

Kazi ya kuisakinisha ni ya jioni moja. Unahitaji kompyuta nyingine inayofanya kazi na flashi ya GB 4 au zaidi isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa. Shusha toleo la kompyuta za kawaida, linaloandikwa Generic. Usichanganye na la Raspberry Pi. Liandike kwenye flashi kwa programu ya LibreELEC wenyewe au balenaEtcher. Ukilinakili tu kama unavyonakili muvi, mashine haitawaka nalo. Unganisha laptopu na TV kwa waya wa HDMI, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12, au F9, au Esc, inategemea kampuni, kisha uchague kuwaka kutoka kwenye flashi. Mashine nyingine zitagoma mpaka uzime Secure Boot kwanza.

Hapa nashauri subira. Mfumo huu unaweza kuujaribu ukiwa bado kwenye flashi bila kugusa diski. Angalia picha inatokea vizuri, sauti inatoka kwenye TV (isipotoka, nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague HDMI), na waifai inaonekana. Kama kadi ya waifai haitambuliki, adapta ndogo ya USB au waya wa ruta humaliza ubishi. Ukiridhika ndipo usakinishe, na ujue kwamba usakinishaji unafuta diski nzima. LibreELEC haikai nyumba moja na Windows. Picha za mahafali na ripoti ya BTP zihamishwe mapema.

Baada ya hapo washa huduma ya Samba kwenye mipangilio, na laptopu za wenzako zitaona mafolda ya kompyuta ya sebuleni kupitia ruta hiyo hiyo. Unarusha faili kutoka chumbani bila kula bando hata MB moja, kwa sababu data haijatoka nje ya nyumba. Rimoti ni simu yako: kuna programu ya Android iitwayo Kore, ya watengenezaji wa Kodi wenyewe.

Mapungufu yapo, na nisingependa mtu aje kunidai. La kwanza ni video za H.265. Mafaili yake ni madogo ndiyo maana yanapendwa, lakini chipu nyingi za kabla ya 2015 hazina kifaa cha kuzifungua, kazi yote inaangukia prosesa na picha inakatakata. Kwa mashine hizo tafuta H.264 ya 720p. Kwenye TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mita tatu, bishana na macho yako kwanza. La pili ni biti: ya Generic inahitaji prosesa ya biti 64. Kama mashine ni ya biti 32, Debian 12 bado ina toleo lake, na VLC itatosha.

La tatu ni LUKU, na hapa ndipo ninapoitetea laptopu dhidi ya lile kasha kubwa la mezani. Kasha linalokula wati 80, likiwashwa saa nne kwa siku, linamaliza karibu uniti 10 kwa mwezi. Laptopu ya wati 20 kwa muda ule ule inatumia uniti 2.4. Kioo kikiwa kimezimwa, inashuka zaidi. Hata betri iliyochoka, inayoshika dakika kumi tu, inatosha mashine izimwe kistaarabu umeme ukienda. Kwa hiyo ile yenye kioo kilichopasuka, ambayo fundi anaitaka kwa bei ya spea, ndiyo hasa inayofaa.

Kuna watakaosema, si ununue kile kisanduku cha Android cha TV yaishe? Kama unacho kizuri, kitumie. Ila vile vya bei ya kutupa visivyo na jina la kueleweka mimi sivipeleki kwenye waifai ya nyumba. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walionyesha kwamba baadhi ya visanduku hivyo vilikuwa vinauzwa vikiwa na programu haribifu ndani tangu mwanzo. Wengine wanauza vilivyojazwa muvi za wizi na kuviita vya Kodi, jambo ambalo waliotengeneza Kodi wamelipinga hadharani. Kodi halisi inakuja tupu. Unachoweka ni juu yako, na wasanii wetu nao wanakula.

Nasoma ualimu, na suala hili kwangu haliishii sebuleni. Kwenye shule niliyopangiwa BTP kulikuwa na chumba cha kompyuta kimefungwa kwa kufuli, na ndani yake mashine zimefunikwa vitenge kama maiti. Nilipouliza niliambiwa "zimekufa". Kozi ya TEHAMA tunayosoma inatufundisha kutengeneza slaidi. Namna ya kuiokoa mashine ya kuzionyeshea haimo. Shuleni nisingeweka LibreELEC, kwa sababu mwanafunzi anahitaji pia kuandika na kusoma. Pale ningeweka Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, na juu yake Kiwix, programu inayofungua Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni takriban GB 100. Ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha, inaenea kwenye flashi. Lakini mwalimu ambaye hajawahi kubadilisha mfumo wa mashine ya nyumbani kwake, ambayo ikiharibika hakuna atakayemfokea, hawezi kuthubutu kugusa ya mkuu wa shule.

Kwa hiyo ninachoiomba serikali yetu ya wanafunzi ni kidogo na hakihitaji bajeti ya kupitishwa bungeni. Kompyuta zinazoondolewa maabara kila mara zinapoletwa mpya, tuombewe moja. Jumamosi moja, saa tatu, kwenye ukumbi wa TV, watu ishirini waangalie inavyosakinishwa na watano wajaribu kwa mikono yao. Flashi ninayo, ya GB 8, na ile TV ya ukumbini ina tundu la HDMI ambalo sijaona likichomekwa kitu tangu niripoti mwaka wa kwanza.