"Mama, mimi siwezi kuwa malkia"

Jumamosi moja mwezi uliopita watoto wa nyumbani kwetu na wa majirani walikuwa barazani wakicheza filamu. Mchezo huo mnaujua: mmoja malkia, mmoja mfalme, mmoja jambazi, na khanga ya bibi inageuka joho. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele, nikamsikia binti yangu wa miaka sita akigawa nafasi. Mtoto wa jirani, mwenye rangi ya maji ya kunde, akampa umalkia. Yeye mwenyewe akajipa kazi ya kubeba maji.

Jioni wakati namwogesha nikamuuliza, "Mbona wewe hukuwa malkia, na mchezo ulikuwa wako?"

Akanijibu bila huzuni yoyote, kama mtu anayenieleza kwamba kesho ni Jumapili: "Mama, mimi mweusi. Siwezi kuwa malkia."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ndivyo walivyo."

Mzazi mwenzangu, katika safu hii tumezoea kuzungumza chanjo, lishe na homa za watoto. Leo naomba tuzungumze jambo lisilopimwa kwa kipimajoto. Neno lile lilinikaa kooni wiki nzima, kwa sababu mtoto hakuwa ametukanwa na mtu. Alikuwa amehesabu tu. Ameona malkia wangapi kwenye runinga, na wangapi kati yao wanafanana naye? Akapata jibu, akaligeuza kuwa sheria ya maisha yake.

Begi lilifika kabla ya filamu

Nilipoanza kufikiri, nikakumbuka begi. Shule zilipofungua Januari alililia begi lenye picha ya binti mfalme wa filamu moja ya Marekani. Filamu yenyewe alikuwa hajaitazama hata dakika moja. Alimjuaje? Alimwona kwenye boksi la biskuti, kwenye kikombe cha rafiki yake, na kwenye trela zinazoingia katikati ya katuni anazotazama kwenye simu yangu.

Hilo halitokei kwa bahati. Filamu kubwa ya Marekani inaweza kutengenezwa kwa dola milioni 200 au zaidi, na juu yake yakaongezwa mamilioni mengine mengi ya matangazo. Fedha hizo zinatakiwa zianze kurudi mapema, maana mauzo ya siku chache za mwanzo ndiyo yanayoonyesha kama filamu itaendelea kupewa nafasi kwenye kumbi. Kwa hiyo mtoto anatakiwa amjue mhusika, ampende na amdai kwa mzazi kabla filamu haijaanza kuonyeshwa.

Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko mimi. Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotoka mwaka 1977, kampuni ya vitu vya kuchezea iitwayo Kenner haikuweza kukamilisha wanasesere wake kabla ya Krismasi. Ikafanya nini? Iliuza boksi lisilo na mwanasesere hata mmoja, ndani yake mkiwa na hati ya kuahidi kwamba watatumwa baadaye. Na wazazi walinunua.

Sisi watu wazima tunaweza kucheka. Mtoto mdogo hawezi. Mwaka 2004 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa ripoti iliyoeleza kwamba watoto wa chini ya miaka minane hawana uwezo wa kung'amua nia ya tangazo. Wanalipokea kama habari ya kweli. Tangazo likimwonyesha nani ni shujaa na nani ni mbeba mizigo, kwake huo ndio ukweli wa dunia.

Na anayewekwa mbele kwenye tangazo huwa amechaguliwa na mtu. Mwaka 2015 filamu nyingine ya Star Wars ilipopelekwa China, watazamaji waligundua tofauti kwenye bango la huko. Mhusika aliyeigizwa na John Boyega, Mwingereza mweusi mwenye asili ya Nigeria, alikuwa mmoja wa wahusika wakuu kabisa wa filamu. Kwenye bango la China picha yake ilikuwa imepunguzwa ukubwa kuliko kwenye bango la nchi nyingine. Filamu ni ileile, lakini kuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kijana yule aonekane mdogo.

Kwenye mwili na roho

Mnaweza kuniuliza, mwandishi wa afya anatafuta nini kwenye mambo ya filamu? Nitawajibu kwa habari ya Fiji, visiwa vilivyo kwenye Bahari ya Pasifiki.

Katika eneo moja la visiwa hivyo runinga ilifika mwaka 1995. Kwa desturi za huko mwili ulionawiri ndio uliosifiwa, na mtoto aliyekonda alitia wasiwasi nyumba nzima. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya runinga kufika, kisha akarudi mwaka 1998 kuwahoji wasichana wa umri uleule. Mara ya kwanza hakumpata hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue mwili. Mara ya pili walikuwa zaidi ya mmoja katika kila kumi. Wasichana wenyewe walimweleza kwamba walitaka kufanana na wanawake wa tamthilia za nje walizokuwa wakizitazama. Ilichukua miaka mitatu tu.

Utafiti mwingine ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012. Nicole Martins na Kristen Harrison waliwafuatilia watoto karibu 400, weupe na weusi, kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa wavulana weupe, kutazama runinga zaidi kulikwenda pamoja na kujithamini zaidi. Kwa wasichana weupe, wasichana weusi na wavulana weusi ilikuwa kinyume: kadiri walivyotazama zaidi ndivyo walivyojithamini kidogo. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba runinga pekee ndiyo chanzo. Lakini fikiria nani huwa shujaa kwenye vipindi wanavyotazama watoto hao, utaona kwa nini mtoto mmoja anainuka akiwa amejaa na mwingine anainuka akiwa amepungua.

Hapa kwetu tunajua pengo hilo linazibwa na nini. Linazibwa na mkorogo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Sisemi kila anayejipaka ameponzwa na filamu. Ninachosema ni kwamba hakuna mtoto anayezaliwa akiichukia ngozi yake. Kuna mahali anafundishwa, na kioo cha runinga ni mojawapo ya madarasa.

Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, aliwahi kulisema hilo hadharani mwaka 2014. Alieleza kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi ngozi yake ikiwa nyeupe zaidi. Kitu kimojawapo kilichomgeuza ni kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa na dunia nzima. Baadaye, mwaka 2019, Lupita akawaandikia watoto kitabu kiitwacho Sulwe, kuhusu msichana mwenye ngozi nyeusi kuliko wote nyumbani kwao.

Dawa hiyo nayo inafanya kazi

Habari njema ni kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili. Kinachomshusha mtoto kinaweza pia kumnyanyua.

Mwaka 1966 tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani. Ndani ya chombo cha angani mlikuwa na ofisa wa mawasiliano mwanamke mweusi, aitwaye Uhura. Jina hilo lilitokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza ili arudi jukwaani. Alisimulia mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, ambaye alimweleza kuwa nafasi yake haikuwa ya mtumishi, na kwamba kupitia kwake watu weusi walikuwa wakionekana kama wanavyostahili. Akabaki.

Miongoni mwa watoto waliokuwa wakimtazama alikuwamo Mae Jemison. Alikua akawa daktari, na Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu. Mwenyewe amesema Uhura alikuwa mmoja wa waliompa hamasa.

Wapenzi wa tamthilia za hospitali mnaijua Grey's Anatomy, iliyoanza mwaka 2005. Mtunzi wake, Shonda Rhimes, alipoandika hakuwapangia wahusika wake rangi. Daktari Bailey, yule mkali anayeogopwa na madaktari wanafunzi wote, mwanzoni alimfikiria kama mwanamke mfupi mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Alipokuja Chandra Wilson, mwanamke mweusi, nafasi ikawa yake. Hadithi haikupungua chochote.

Waliokuwa wakishikilia kwamba filamu ya watu weusi haiuziki nchi za nje nao walipata jibu Februari 2018. Black Panther, iliyogharimu dola zipatazo milioni 200, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3, na karibu nusu ya fedha hizo zilitoka nje ya Marekani. Ilionyeshwa hadi Kisumu. Ndani yake wafalme, majemadari na wanasayansi ni Waafrika. Kwa hiyo mtu akituambia mtoto mweusi hawekwi kwenye bango kwa sababu ya biashara, tumwambie hesabu hiyo imeshafanywa na jibu lake limepatikana.

Tufanye nini nyumbani

Hatuna uwezo wa kuwapigia simu watengenezaji wa filamu Marekani, na sikushauri uivunje runinga. Tamthilia za Kituruki, Kikorea na Kihindi zilizoingiziwa sauti za Kiswahili zimeshakuwa sehemu ya jioni zetu, na bibi wa nyumba yangu hawezi kukubali. Lakini yapo mambo matatu yasiyohitaji fedha.

La kwanza, keti naye mtazame pamoja, hata mara mbili kwa wiki. Muulize maswali mepesi. Nani ana jina? Nani anaamua? Nani anahudumia wengine? Usimpe majibu. Mtoto anayejifunza kuuliza hawezi tena kumeza kila kitu kama uji.

La pili, mfundishe kwamba tangazo ni duka. Ukiona boksi lenye picha ya mhusika, mwambie: "Hawa wanataka tununue, ndiyo maana wameweka picha hii." Mwambie leo, mwambie na kesho. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita halitaingia kwa mara moja.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linanihusu. Tuchunge midomo yetu. Siku binti yangu alipozaliwa, wageni waliinama kitandani wakasema, "Lo, huyu kachukua weusi wa mama yake, pole." Tukacheka sote, na mimi nikacheka. Mtoto wa dada yangu alipozaliwa walisema, "Mweupe, mzuri huyo!" Maneno hayo tumeyarudia kwenye kila sherehe kwa miaka sita, mbele ya watoto. Filamu zilikuta shamba tumeshalilima wenyewe.

Nilimweleza mama yangu, yaani bibi yake, yale aliyoyasema mtoto bafuni. Alinyamaza muda mrefu. Tangu siku hiyo sijamsikia akimsifia mtu kwa weupe, na mgeni akianza, yeye humkata: "Tuulize kwanza kama ana afya."

Juma lililopita tulikuwa watatu mbele ya runinga, bibi, mjukuu na mimi, tukitazama tamthilia moja ya hospitali kutoka nje ambayo bibi haikosi. Akaingia muuguzi mweusi kusukuma kitanda, kama kawaida yake, kisha akatoka.

"Bibi," binti yangu akauliza, "yule anaitwa nani?"

Bibi akanitazama, mimi nikamtazama yeye. Tumeifuata tamthilia hiyo miezi mitatu. Jina la mbwa wa daktari mkuu tunalijua. La muuguzi hakuna aliyelijua.

"Hawajamtaja," bibi akasema.

"Kwa nini?"

Hakuna aliyemjibu. Kesho yake mchana nikawasikia tena barazani. Malkia alikuwa yuleyule mtoto wa jirani, na khanga ilikuwa ileile. Lakini malkia alikuwa anaumwa, amelazwa kwenye mkeka, na binti yangu alikuwa muuguzi. Alikuwa amejipa jina, tena refu, la kwanza na la ukoo, na hakumhudumia mtu yeyote mpaka alitamke lote.