Mtoto Apimwe kwa Lugha Anayoielewa

Kila muhula, katika shule nyingi za humu nchini, mwalimu humwita mzazi na kumwambia kwamba mwanawe ana neno. Hatulii kitini, hachangamani na wenzake, au akiulizwa swali hulirudia swali lenyewe badala ya kulijibu. Mzazi huambiwa ampeleke mtoto akapimwe, kisha huachwa hapo. Apelekwe wapi? Apimwe nini, na nani, na kwa muda gani? Hayo hayaelezwi. Si ajabu basi kwamba wazazi wengi huiendea tathmini ya usonji, au ya ile hali ya kukosa makini na kutotulia ijulikanayo kwa herufi ADHD, wakiwa na hofu ya mshtakiwa aendaye kusikiliza hukumu. Wengine hawaendi kabisa.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, naona nina haki ya kusema katika jambo hili, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo kubainisha usonji au ADHD. Daktari anaweza kuagiza vipimo vya namna hiyo ili kuondoa shaka ya maradhi mengine, mathalan kifafa, lakini uamuzi wenyewe hutegemea mambo mawili: maelezo ya watu wanaomjua mtoto, na yale ambayo mtaalamu ameyaona kwa macho yake. Yote mawili hupitia katika lugha. Ikiwa lugha ya tathmini si lugha ya mtoto, matokeo yake hayawezi kuaminika.

Familia itarajie nini? Kwanza, masikio na macho ya mtoto yachunguzwe, maana asiyeitika aitwapo huenda hasikii. Pili, mzazi atahojiwa kwa kirefu: mimba ilikuwaje, mtoto alizaliwaje, alianza kutembea lini, alitamka neno la kwanza lini, je, huonyesha kwa kidole kitu kinachompendeza, hulalaje, hulaje, huchezaje na ndugu zake. Inafaa abebe kijitabu cha kliniki na madaftari ya shule. Tatu, mtaalamu ataketi na mtoto, acheze naye na kumpa kazi ndogo ndogo. Mzazi asishtuke akiona mtaalamu amenyamaza makusudi au ameweka kitu cha kuchezea mahali mtoto asipokifikia. Anatazama kama mtoto ataomba, na ataomba kwa njia gani. Shughuli yote huchukua saa kadhaa, na aghalabu humlazimu mzazi kurudi siku nyingine.

Kuhusu ADHD, mtaalamu hatosheki na dalili za wiki moja wala za mahali pamoja. Kanuni zitumiwazo na wengi zadai dalili ziwe zimedumu kwa muda usiopungua miezi 6, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama vile nyumbani na shuleni, na baadhi yake ziwe zilijitokeza kabla ya umri wa miaka 12. Sharti aulize pia kama mtoto hupata usingizi wa kutosha, kama hushinda na njaa, na kama kuna msukosuko nyumbani, kwa kuwa mambo hayo nayo humfanya mtoto asitulie. Aidha, usonji na ADHD huweza kumpata mtoto mmoja. Mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani ulikuwa hauruhusu majina hayo mawili yatolewe kwa pamoja, lakini tangu toleo la 2013 waruhusu.

Hapa ndipo mwalimu anapokuwa shahidi mkuu. Hojaji zinazotumiwa katika kazi hii mara nyingi huwa na nakala ya mzazi na nakala ya mwalimu. Mwalimu akiandika kwamba mtoto ni "mtundu" au "mkaidi," ametoa hukumu wala hakutoa ushahidi. Akiandika kwamba mtoto aliondoka kitini mara 7 katika kipindi cha dakika 35, au kwamba huanza hesabu vizuri akaiacha katikati, atakuwa amemsaidia mtaalamu, na amemtendea haki mtoto.

Nirejee kwenye lugha. Mwaka wa 1943 Leo Kanner, daktari aliyekuwa Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo msingi wa mengi tuyajuayo leo kuhusu usonji. Aligundua kwamba baadhi yao walirudia maneno ya watu wazima kama walivyoyasikia, hata wakajiita "wewe." Katika Kiingereza, kosa hilo hukaa katika neno zima lisimamalo peke yake. Katika Kiswahili limejificha katika silabi moja ya kitenzi. Mtoto asemaye "Unataka uji" ilhali yeye ndiye mwenye njaa amegeuza *ni-* ikawa *u-*. Mtaalamu asiyekijua Kiswahili vyema, au anayetegemea mkalimani anayesahihisha maneno ya mtoto kwa huruma, hataiona dalili hiyo kamwe.

Kosa laweza pia kuelekea upande wa pili. Kipimo kimoja mashuhuri duniani, kiitwacho ADOS, kina sehemu ambapo mtoto mdogo humwandalia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, kukiwa na keki na mishumaa. Mtoto wa kijijini ambaye hajapata kuona keki ya mishumaa akiduwaa mbele yake, je, tuseme hajui kucheza? Vivyo hivyo, katika jamii zetu nyingi mtoto hufunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Asiyeijua adabu hiyo ataihesabu kuwa dalili.

Lipo pia shauri ambalo wazazi wengi wamepewa, kwamba waache kusema na mtoto kwa lugha ya mama na kushika Kiingereza peke yake ili wasimchanganye. Utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali haukuonyesha kwamba kukua na lugha mbili huleta usonji au humzidishia ugumu mtoto aliye nao. Shauri hilo humtenga mtoto na nyanya yake, na humfanya mama aseme na mwanawe kwa lugha asiyoimudu. Litupwe.

Kwamba vipimo vinaweza kutungwa kwa kufuata mazingira yetu si ndoto. Kule Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walichapisha 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kilichobuniwa papo hapo. Hicho si kipimo cha usonji, lakini kinaonyesha njia ya kufuata.

Wazazi wajue pia kwamba mlango wa kwanza si lazima uwe hospitali ya ghali. Tangu 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianzisha vituo vya tathmini ya elimu, vijulikanavyo kama EARC, ambavyo huhudumiwa na walimu wa elimu maalumu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoundwa 1986, nayo hufanya tathmini katika makao yake Kasarani, Nairobi.

Mwisho wa yote huja majibu, nayo huwa ya namna tatu: hali imethibitika, haikuthibitika, au mtoto arudi baada ya muda. Kwa vyovyote vile, mzazi ana haki ya kueleweshwa. Wazazi wamewahi kuniletea ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza kigumu kiasi kwamba hata mwalimu wa darasa alishindwa kuieleza. Ripoti isiyosomeka na wale watakaoitekeleza ina faida gani? Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Mzazi asione haya kudai muhtasari wa Kiswahili, wala asitoke chumbani kabla ya kuuliza: mwanangu asaidiwe vipi nyumbani, vipi shuleni, na nirudi lini?

Walimu wenzangu, viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini mtoto asiyeeleweka angali huumizwa kwa majina na dharau, na wakati mwingine kwa fimbo hiyo hiyo iliyokatazwa. Nanyi wanafunzi wa lugha, kazi ipo. Neno "usonji" limekwisha kuota mizizi, ilhali ADHD ingali haina jina moja la Kiswahili lililokubaliwa na wote, na hojaji nyingi zangoja tafsiri iliyojaribiwa. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi ndiye akilaliaye kitanda hiki kila usiku. Wizara na vituo vya tathmini vihakikishe kwamba anaulizwa, na anajibiwa, kwa lugha anayoielewa.