Mtetemo wa Simu Uwe Mikononi mwa Mwenye Simu

Muhula uliopita msichana mmoja kiziwi ninayemfunza chuoni alikosa mtihani wa asubuhi. Kwa desturi yeye huilaza simu yake chini ya mto, nayo humwamsha kwa kutetema, kwani mlio wa kengele kwake si kitu. Usiku ule alikuwa akidurusu hesabu kwa programu ambayo hutetemesha simu kila jibu linapokosewa. Alipochoshwa na adha hiyo, alitafuta ndani ya programu mahali pa kuizima, asipaone. Akazima swichi kuu ya mtetemo katika mipangilio ya simu, akalala. Alfajiri kengele ililia tu, simu isitetemeke.

Wapo wenzangu waliomlaumu kwa uzembe. Mimi simlaumu hata kidogo.

Yafaa ieleweke kwamba kinachotetema ndani ya simu ni kifaa kimoja tu, aghalabu mota ndogo yenye uzito uliokaa kando ya mhimili, lakini wanaokitumikisha ni wengi: benki, kibodi, michezo, kengele na kila mwenye tangazo. Katika simu za Android, programu inayotaka kuchukua picha au kusikiliza sauti sharti imwombe mwenye simu idhini. Inayotaka kutetemesha hupewa ruhusa papo hapo inapowekwa, bila ya mtu kuulizwa. Katika iPhone ipo swichi ya kuzima mitetemo yote, ila kampuni ya Apple yenyewe inatahadharisha kuwa ukiizima, hata ilani za tetemeko la ardhi na tsunami hazitaitetemesha simu. Yaani ili mtu aepukane na bughudha ya mchezo, budi amfukuze na mlinzi wake!

Si kwamba tiba haijulikani. Tangu mwaka wa 2017, kivinjari cha Chrome hakiruhusu ukurasa wowote kutetemesha simu kabla msomaji hajaugusa. Iwapo ukurasa unaopitiwa kwa dakika mbili umewekewa mpaka, sioni kwa nini programu inayokaa na mtu mwaka mzima iachwe itambe.

Huenda mtu akasema kwamba swichi zikizidi zitamtatiza mtumiaji. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau tungekuwa tunadai swichi ishirini. Tunadai moja katika kila programu, iwekwe mahali panapoonekana, na izime mtetemo wa programu hiyo pekee. Nawaambia hivyo hasa wanafunzi wetu wanaosomea uundaji wa programu, maana nimesahihisha kazi zao nyingi na sijaiona swichi hiyo ila mara chache mno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Msichana yule aliruhusiwa kuufanya mtihani upya. Siku hizi ana simu mbili: ya kudurusia, na kabambe kuukuu ambayo kazi yake ni kulala chini ya mto.